Mifuko Mitatu ya Udongo wa Miasenyi

Wakesho,

Mmeondoka saa nne, wewe na mama yako, kupanda Wundanyi kumuaga nyanya yako, na mimi nimebaki hapa Voi na sanduku lako lililofungwa katikati ya sebule. Nimelizunguka mara nne. Nimekunywa chai mara mbili. Nimetengeneza bawaba ya mlango wa choo ambayo mama yako ameilalamikia tangu Pasaka. Sasa sina kazi nyingine ya kujifichia, kwa hiyo nimekaa na kalamu.

Sitakuandikia habari za pasipoti wala sweta, wala za kupiga simu ukifika. Hayo mama yako amekwambia mpaka yamechoka. Tena asubuhi, ulipokuwa ukioga, alinivuta jikoni akanikataza mambo mawili. La kwanza: "Usimwambie na mdomo. Ukianza kuongea utaanza kujitetea, nakujua. Andika." La pili: "Na usimfundishe maisha. Leo huna hiyo ruhusa." Nimeyakubali yote mawili. Nikiteleza kwenye la pili univumilie, nimekuwa baba kwa muda mrefu.

Jambo lenyewe ni hili, na nalisema sasa kabla kalamu haijapata ujanja. Mizabibu yako ya Miasenyi haikuuawa na mbolea. Haikuuawa na mkono wako. Iliuawa na chumvi, na mimi niliijua chumvi hiyo kabla hujapanda mche hata mmoja. Udongo niliokutumia Nairobi upimwe haukutoka kwenye shamba letu.

Ukitaka kuiweka barua chini kwanza, iweke. Mimi nimeshaiweka chini mara tatu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana bila hivyo utadhani baba yako alirukwa na akili siku moja tu. Unajua kazi yangu. Nimechimba visima kutoka Maungu mpaka karibu na Taveta, na watu waliniita kwa sababu ya huu ulimi. Kabla ya kushusha sururu naweka udongo kidogo mdomoni, nauzungusha, natema, kisha namwambia mwenye shamba achimbe au ahifadhi nguvu zake. Wewe mwenyewe ulinifuata kazini ukiwa na miaka sita, ukaona ninavyofanya, ukajaza mdomo mzima. Ulilia njia yote mpaka nyumbani. Mama yako alinisema kwa juma zima, na wewe kila jioni ulinijia na ulimi nje uniulize kama bado una mchanga.

Basi mtu mwenye ulimi huo alikwenda kununua shamba Miasenyi na hakuonja.

Kule mlimani Wundanyi, kipande cha babu yako tulikigawa ndugu watano, na fungu langu lilitosha migomba na kaburi. Nikatamani ekari za chini, nami nisimame mahali nionekane nina shamba. Siku tuliyokwenda kuonyeshwa ilikuwa baada ya mvua, na wewe unajua Miasenyi baada ya mvua, inakudanganya kabisa. Nyasi mpaka magotini. Nilikuwa nimetoka kanisani, nimevaa ile suti ya kijivu. Walikuwapo watu wanane hivi, wengine nao wanataka kununua. Mwenye shamba akacheka, akasema mbele ya wote, "Haya fundi, si uonje kwanza? Ama leo umeshiba?" Wakacheka wote. Nami niliona haya kuinama na suti nikale udongo mbele ya watu kama kuku. Nikasema udongo huu hauhitaji kuonjwa, unajionyesha wenyewe. Nikampa mkono.

Tulipochimba kisima, mimi na Mutua, jirani yetu wa kule ambaye amekuwa mwenzangu wa kazi miaka yote, tulifika futi ya tatu nikaonja. Nikatema. Nikaonja tena upande wa pili wa shimo. Mutua alikuwa juu ameshika kamba, akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia ina ladha kidogo tu. Maji yalipotoka mbuzi wake waliyanywa, na hilo likawa jibu langu kwa kila aliyeuliza: mbuzi wa Mutua wanakunywa. Hakuna aliyenisumbua. Mahindi yalipokataa nikasema ni mvua, na watu wa huku hawabishani na mtu anayelaumu mvua.

Halafu ukapiga simu. Ulikuwa na kazi yako nzuri Nairobi, na ulizungumza haraka haraka mpaka nikakuambia upumue. Kuna kampuni ya mvinyo inatafuta mashamba ya nchi kame ya kujaribu zabibu nyeupe. Wanatoa miche, wanatoa mipira ya kumwagilia kwa matone. Wanachotaka kwanza ni udongo wa futi moja, futi mbili na futi tatu, kila mmoja kwenye mfuko wake. "Baba, ukipita huo mtihani narudi nyumbani," ukasema. Ulisema ukipita, sio shamba likipita. Neno hilo nililisikia.

Kesho yake nilikwenda Miasenyi na jembe. Nilichimba kama ulivyoniambia. Futi moja haikuwa mbaya sana. Futi mbili nilikunja uso. Futi tatu sikuhitaji hata kuzungusha mdomoni. Nilikaa kwenye ukingo wa shimo nikaona mambo mawili kwa pamoja: karatasi yenye jina langu inayosema fundi wa visima alinunua chumvi, na wewe huko Nairobi ukisema haya basi Baba, labda mwaka mwingine. Sijui ni lipi lililonisukuma zaidi. Zamani ningekuambia ni hilo la pili. Leo nadhani ni la kwanza.

Nikavuka mpaka kwa Mutua, kule chini ambako maji ya mvua huleta tope kila mwaka, nikachimba futi tatu katika bustani yake ya mchicha. Alitoka nyumbani kwake akanikuta naandika kwenye mifuko.

"Mzee, hii mchanga si ya kwako."

"Najua."

"Sasa mtoto atapanda wapi, kwa mchicha yangu?"

Nikamwambia ni ya kupima tu, ni karatasi tu, shamba litarekebishwa baadaye. Alinisaidia kufunga mifuko, na tangu siku hiyo hajawahi kuingia kwenye shamba lako. Ulidhani ana wivu. Uliniambia hivyo mara mbili, na mara zote mbili nilinyamaza.

Mengine unayajua, lakini hujui nilikuwa wapi ndani yake. Ulirudi. Ulipanda ekari mbili, mistari iliyonyooka hata madereva wa malori walipunguza mwendo barabarani watazame. Ulipoyaonja maji ya kisima ulikunja uso, na mimi nikakuambia mzabibu hauna ulimi. Ulicheka sana. Ukasema maji hutayapeleka kupimwa, ya nini, na fundi yuko hapa. Mwaka wa kwanza mvua ilinyesha vizuri, ikaisukuma chumvi chini, na miche ikapanda waya kwa furaha. Nilianza kuamini mwenyewe kwamba nilikuwa sahihi. Nilisimama kanisani nikashukuru.

Mwaka wa pili mvua haikuja, ukamwagilia kwa kisima. Kingo za majani zikawa kahawia, zikajikunja. Siku moja uliniita, ukapiga magoti kando ya mpira wa maji, ukakwangua ukoko mweupe kwa ukucha. "Baba, hii nyeupe ni nini?"

Wakesho, hapa ndipo penyewe. Yale ya mifuko ningeweza kuyaita ujinga. Hapa ulikuwa umeniuliza uso kwa uso, udongo uko mkononi mwako, na sekunde moja ingetosha. Nikakuambia, "Hiyo ni mbolea yako imepanda juu. Uliweka nyingi."

Ukaniamini. Karatasi ya vipimo ilisema udongo hauna chumvi, baba yako alisema maji ni mazuri, kilichobaki ni wewe. Ulitaka kupima upya, nikasema karatasi tunayo. Nilikuona saa saba ya mchana umekaa kwenye mstari wa tisa na daftari lako, unahesabu vijiko vya mbolea ulivyoweka toka mwanzo, unatafuta ulipokosea. Hata ndovu wanaotoka Tsavo, ambao Miasenyi hawaachi kitu, walipita kando ya ua wako wakaenda zao. Niliomba waingie. Ni kweli, mimi mzee wa kanisa niliomba ndovu waingie wale shamba la mwanangu, ili awe na mtu mwingine wa kulaumu.

Kampuni ikaondoka. Mama mmoja wa kampuni, aliyesimamia majaribio yao, alikuachia chupa moja ya mvinyo, ukaifungua Jumapili baada ya ibada, hapa hapa mezani. Mama yako akafunga pazia. Ulinimiminia kwenye glasi ya maji ukasema nionje, kwamba mimi nina ulimi. Nikasema ulimi wangu ni wa udongo. "Basi ndiyo hiyo nataka," ukasema.

Nilitegemea utamu kama wa divai ya meza ya Bwana. Haukuwa na utamu wowote. Ulianza na uchachu wa ndimu, ukanikausha mdomo, na mwisho kabisa, nilipokwisha kumeza, kikabaki kitu midomoni ambacho nakijua. Ulikuwa umeinama mbele unaniangalia.

"Umeipata?"

"Nini?"

"Hiyo ya mwisho."

"Chumvi," nikasema, neno likatoka kabla sijalishika. Ukapiga makofi.

Kisha ukatueleza, na mimi nilisikiliza kila neno ingawa nilijifanya nakula. Kwamba mvinyo huo umetoka kusini kabisa mwa bara letu, kwenye mashamba yaliyo karibu na bahari, na bahari ya huko ni baridi, si kama ya Mombasa. "Jua inapiga mchana, halafu upepo inatoka baharini inapoza zabibu. Zinaiva polepole, Baba. Uchachu haukimbii. Sisi hapa mchana ni joto, usiku ni joto, sukari inapanda mbio na uchachu umeshaisha." Mama yako akauliza kwa nini basi usipande Wundanyi kwenye baridi. Ukamwambia mlimani kuna ukungu, majani hayakauki, zabibu zitaoza. Kule upepo ule ule unaopoza ndio unaokausha.

Ukatueleza udongo wao. Changarawe na chokaa, udongo maskini, maji hayakai, mizizi inalazimika kushuka mbali kuyatafuta. Mzabibu ukishiba unaota majani tu. Na sukari yote ya zabibu huachwa iliwe na hamira mpaka iishe, ndiyo maana wanauita mkavu. Ukainua glasi kwenye mwanga. "Ile tamu unaweza kuficha makosa ya shamba. Hii haifichi kitu."

Nikajikaza nikauliza, "Na chumvi je? Mbona kwao inasifiwa?"

"Hiyo ni kidogo sana, inaletwa na upepo. Hata wataalamu wanabishana kama ni chumvi kweli ama ni huo uchachu tu. Na mvua yao inaosha mchanga kila mwaka. Mbaya ni ile ya chini. Ikiwa kwa maji, kila ukimwagilia unaongeza. Jua inachukua maji, chumvi inabaki. Hiyo inaua mzabibu pole pole, ikianza na kingo za majani."

Ukaiangalia glasi. Nilidhani umeona. Nilishika meza. Halafu ukasema, "Angalau sisi hatukuwa na hiyo shida."

Nikameza kilichobaki kwenye glasi chote kwa mara moja. Mama yako akadhani nimeupenda.

Ningekuambia siku hiyo. Nilijiahidi Jumatatu. Jumatatu ukanisomea barua ya kuomba kazi huko kusini, unaigeuza kutoka Kiingereza mstari kwa mstari ili nielewe vizuri. Ulikuwa umeandika: niliua ekari mbili kwa haraka yangu ya kutaka matokeo, na naweza kueleza nilivyoziua. Nikasema barua ni nzuri. Walipokuhoji kwa kompyuta nilikuwa koridoni nimesimama na ndoo ya maji ambayo sikuwa naipeleka popote. Nilisikia ukieleza mbolea, vijiko, mstari wa tisa. Nilisikia yule mzee wa upande wa pili, na Kiingereza chake nilikielewa bila kutafsiriwa. Alisema wamehoji wengi waliofaulu, lakini yeye anatafuta mtu anayeweza kutaja kosa lake bila kutetemeka. Mama yako alipiga kigelegele. Mimi nilitoka nje nikamwaga ile ndoo kwenye mpapai.

Umepata kazi kwa kukiri kosa langu.

Hilo ndilo limenikosesha raha wiki hizi zote. Kila mara nilipotaka kusema niliona nakunyang'anya kitu saa ya mwisho: utafika kule na hadithi ambayo si ya kweli, au utalazimika kuirekebisha mbele ya wageni. Nikajiambia kunyamaza ni huruma. Lakini nimeshakula maneno ya namna hiyo miaka mingi na nayajua ladha yake. Juzi ulikuwa unapanga daftari zako, ukaliacha lile la mizabibu nje ya sanduku. Nikakuuliza mbona. Ukasema, "Sitaki kwenda na mkono mbaya, Baba." Ukautazama mkono wako wa kulia. Nilishindwa kula usiku ule, mama yako akaanza kuuliza kama nina malaria.

Kwa hiyo jana nilikwenda Miasenyi. Mutua aliniona na jembe akaja bila kuitwa. Nilihesabu mistari minane, nikasimama katikati ya wa tisa, kati ya yale mashina makavu, nikachimba futi moja, mbili, tatu, kama ulivyoniagiza kwenye simu ile. Nimechelewa. Mutua aliingia shambani kwa mara ya kwanza tangu siku ya mchicha, akanishikia mifuko ikiwa wazi. Alisema neno moja tu, "Sasa." Mifuko nimeiacha mezani, na ndiyo mama yako aliyoikuta alfajiri akaniuliza ni ya nini. Nilimwambia yote kabla chai haijachemka. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akasema, "Umeniacha nimfariji mtoto kwa kitu ambacho hakufanya." Ningependelea apige kelele.

Sikuombi unisamehe kabla ya treni ya kesho. Ukiwa na hasira, ondoka nayo, ni yako, usiiache hapa kwa sababu ya adabu. Kama hutaki niwepo stesheni mwambie mama yako tu, nitabaki nyumbani na sitauliza. Mkiniita twende pamoja, nitabeba sanduku.

Kuhusu wale watu wa kusini, hilo ni lako kuamua. Ukiona uwaambie, waambie, na ukitaka jina la mwenye kosa, wape langu kamili. Walitafuta mtu wa kukiri. Mimi nimechukua miaka mitatu na karatasi nne, wewe ulichukua dakika tano, na hukuwa hata na kosa. Sidhani wamechagua vibaya.

Nilisema sitafundisha. Naomba moja tu, ni la kazi. Watakupa shamba huko, na mtu mwema atakuletea udongo kwenye mfuko akuambie umeshapimwa. Mshukuru, kisha uende ukachimbe mwenyewe. Hasa akiwa ni mtu anayekupenda. Uiname uonje hapo hapo, hata kama umevaa nguo za kanisani, hata kama wanacheka.

Na lile daftari nimelirudisha ndani ya sanduku, chini ya sweta. Vijiko vyako vya mbolea nimevihesabu mwenyewe jana jioni, ukurasa kwa ukurasa. Vilikuwa sawa. Kila kimoja.

Nasikia geti, na sauti ya mama yako inauliza kama nimekula. Barua naiweka chini ya mifuko. Mifuko usiibebe, uwanja wa ndege hawataipitisha, na haina cha kwenda kufanya kule. Lakini kabla ya kuitupa fungua ule wa futi tatu, uweke kidogo kwenye ulimi kama ulivyofanya ukiwa na miaka sita. Safari hii usiniulize ni nini.

Ni chumvi, mwanangu. Ni chumvi mpaka chini, na mkono wako ni mzima.

Baba yako